SOMO LA FIZIKE: NANI ALIUONA MWALI USIOFIKA CHINI?



Kwanza tuko na deni la kulipa. Mu gazeti lililopita tuliandika mistari mitano juu ya nyota zenye kuitwa nova, na mu ile mistari mitano tulitia makosa mawili. Tulisema nova ni nyota inayozaliwa. Tena tulisema ya kwamba miali ya gama ya nova moja ilifika hapa chini na watu wakaipima. Mwanafunzi mmoja wa darasa la nne alitukuta kwenye bomba la maji, akauliza mbele ya wote: "Yaya, kama mwali wa gama hauwezi kupita hewa, vile tulifundishwa, nani aliuona?" Tulijibu kwamba wataalamu wako na mashini. Akasema: "Mashini inaona namna gani kitu chenye hakifiki?" Watu wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Sisi wa darasa la sita tulirudi mu vitabu, tukauliza mwalimu wa fizike, tukaandika upya. Somo hili njo jibu lake.

Jina ndilo linalodanganya. "Nova" ni neno la Kilatini, maana yake "mpya". Watu wa zamani waliona nyota pahali walipozoea kuona giza, wakasema imezaliwa. Kumbe ni nyota nzee, tena iliyokwisha kuzimika. Tutachukua mfano mmoja tu, nyota yenye kuitwa RS Ophiuchi, kwa sababu njo nova ya kwanza ambayo miali yake ya gama yenye nguvu kubwa sana ilipimwa kwa vyombo vilivyosimama juu ya udongo. Na sehemu ya vyombo vile iko hapa Afrika, katika inchi ya Namibia, mu milima ya Khomas karibu na Windhoek.

Nyota mbili zenye kuishi pamoja

RS Ophiuchi si nyota moja hapana. Ni mbili, na zinazungukana kwa muda wa siku karibu 454. Moja ni jitu jekundu, nyota iliyovimba mu uzee wake mpaka gazi yake inapeperuka pande zote kama upepo. Ya pili ni kibete cheupe, ni kusema kile kinachobaki kiisha nyota kumaliza kuni zake. Ukubwa wake ni karibu na ule wa dunia yetu, lakini uzito wake unapita uzito wa jua. Msomaji asome ile tena polepole: jua zima na zaidi, limekandamizwa mu kitu cha ukubwa wa dunia.

Kwa hiyo kibete kinavuta kwa nguvu kali. Kinanyang'anya mwenzake gazi, zaidi sana idrojeni, na gazi ile inashuka na kulala juu ya uso wake, tabaka juu ya tabaka, mwaka kwa mwaka. Chini ya tabaka joto linapanda. Mu maisha ya kila siku, kitu kikipata moto kinapanuka, na kwa kupanuka kinapoa kidogo. Tazama chungu juu ya mbabula: maji yakichemka sana yanainua kifuniko, mvuke unatoka, chungu hakipasuki. Lakini gazi iliyokandamizwa sana namna ile haipanuki upesi. Kifuniko hakiinuki. Joto linaongeza moto wa kiini cha atomu, na moto ule unaongeza joto, mpaka tabaka lote linawaka na kurushwa nje kwa mwendo wa maelfu ya kilometa kwa sekunde moja.

Kibete chenyewe kinabaki. Kiisha kulipuka kinaanza tena kunyang'anya mwenzake gazi kama vile hakuna kitu kilipita. Ile nyota yenye kubomoka kabisa inaitwa supanova, na hiyo ni habari ingine. Tunaomba wa darasa la tano wasichanganye majina haya mu maulizo, sababu mwaka jana wengi walichanganya.

RS Ophiuchi ilionekana kulipuka mwaka 1898, kisha 1933, 1958, 1967, 1985, 2006 na 2021. Ile ya 1898 hakuna mtu aliyeitambua usiku wake. Mama mmoja, Williamina Fleming, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa nyumbani na baadaye akawa mtaalamu wa nyota kule Harvard, Marekani, aliikuta miaka kadhaa nyuma, akichunguza picha za zamani za mbingu moja kwa moja. Tunaandika hiyo kwa ajili ya dada zetu wanaosema fizike ni kazi ya wavulana.

Mu interna kuna ndugu walisema nyota ikilipuka ni alama ya siku za mwisho. Sisi si wachungaji, hatutaki kuingia mu kazi yao. Tunaomba tu mtu ahesabu ile miaka saba tuliyoandika hapo juu, kisha aseme mwenyewe.

Usiku wa siku ya Mungu, tarehe 8 Agosti 2021

Siku za kawaida RS Ophiuchi haionekani kwa macho, inaomba teleskopi. Usiku ule mtu wa Ireland, Keith Geary, mwenye kutazama nyota kwa kuzipenda tu, bila mshahara, aliikuta imewaka mara mamia kupita kawaida yake. Watu wengine, pahali pengine, waliiona vilevile. Habari ikatumwa kwa wataalamu wa dunia yote.

Na sasa jambo linalotuuma kidogo. Pahali pa nyota ile mu mbingu ni karibu na mstari wa ikweta, upande wa kusini kidogo. Mwezi wa nane, kiisha kula chakula cha jioni, kwetu Congo inapita karibu juu kabisa ya kichwa. Mu siku zile ilifika mwangaza ambao jicho tupu linaweza kuona pahali pasipo taa. Tena ulikuwa msimu wa kiangazi, na mwezi mpya ulianguka tarehe ile ile 8, giza lilikuwa tele. Ilikuwa juu ya paa letu, na sisi, wakati ule watoto wa miaka kumi na mitatu ao kumi na minne, tulipita chini yake tukibeba ndoo.

Nguvu ya mwali

Mwangaza ni kama mvua ya vipande vidogo sana, na kila kipande kiko na nguvu yake. Nguvu hiyo tunaipima kwa elektroni-volti. Kipande cha mwangaza wa kawaida, ule wa buji ao wa jua, kiko na elektroni-volti mbili ao tatu. Kile cha radio ya hospitali, inayopiga picha ya mifupa, kinafika makumi elfu. Miali ya gama inayotoka mu mawe ya uranium, kama yale yaliyochimbwa Shinkolobwe, inafika miliyoni moja ao mbili. Mtu anafikiri hapo tumefika mwisho. Bado. Miali iliyopimwa kutoka RS Ophiuchi ilifika mamia ya miliari za elektroni-volti, hata karibu na miliari elfu moja. Kila kipande kimoja!

Joto la moto, hata moto wa nova, haliwezi kutoa kipande cha namna ile. Lazima kuwe na kitu kingine kinachosukuma. Njo hapo penye siri, tutarudi huko.

Jibu la yule mwanafunzi

Yule mwanafunzi alikuwa na haki: mwali wa gama hauvuki hewa yetu. Na ni neema, sababu vinginevyo miili yetu ingeumia. Kuna njia mbili za kuuona.

Njia ya kwanza ni kupanda juu ya hewa. Satelite yenye jina Fermi ilirushwa mwaka 2008, na mwaka 2010 njo iliona kwa mara ya kwanza miali ya gama ya nova, nyota yenye kuitwa V407 Cygni. Wataalamu walishangaa, sababu wengi hawakungojea kitu kama hicho kutoka mu nova. Lakini Fermi iko na udhaifu mmoja: uso wake wa kunasa miali ni karibu meta moja ya mraba tu. Miali yenye nguvu zaidi inaanguka haba sana. Ni kama kutaka kujaza maji kwa kikombe wakati matone yanaanguka moja leo, ingine kesho. Unahitaji beseni kubwa, na beseni kubwa halipandi mu roketi.

Njia ya pili njo ya ajabu. Tunaiacha hewa ifanye kazi. Mwali wa gama ukifika juu, kilometa kumi ao zaidi kutoka chini, unagonga hewa na kufa. Mu kufa kwake unazaa elektroni na ndugu yake pozitroni. Hao wawili wanatoa miali mingine, na ile miali inazaa tena, mpaka inakuwa mvua ya vipande maelfu vinavyoshuka pamoja. Vipande hivyo vinakwenda upesi kuliko mwangaza.

Hapa mwalimu yeyote ataweka kalamu chini na kusema tumekosa. Ni kweli, hakuna kitu kinachopita mwendo wa mwangaza mu utupu, kilometa 300,000 kwa sekunde. Lakini ndani ya hewa mwangaza wenyewe unachelewa kidogo, chini ya sehemu moja kwa elfu, na hapo kipande kikali kinaupita. Tazama mtumbwi mu ziwa. Ukienda polepole, mawimbi yanatangulia mbele yake. Ukienda mbio kuliko mawimbi, yanabaki nyuma na kufanya alama ya mkuki. Elektroni nayo inaacha nyuma yake alama ya mwangaza wa rangi ya bluu. Mrusi Pavel Cherenkov aliugundua mwangaza huo mwaka 1934, akichunguza vitu vya maji, na mwaka 1958 alipata zawadi ya Nobel pamoja na wenzake Tamm na Frank.

Mwangaza wa Cherenkov njo kitu ambacho kinafika chini. Ni hafifu sana, na unadumu nanosekunde chache tu. Mu nanosekunde moja mwangaza unatembea sentimeta 30, urefu wa rula yetu ya shule. Jicho la mtu haliwezi kuushika. Lakini unapofika chini unafunika duara pana, karibu meta 120 kutoka katikati mpaka ukingo. Mwenye kaye ahesabu: 3.14 mara 120 mara 120, inapita meta za mraba 45,000. Lile njo beseni tulilotafuta. Teleskopi yoyote iliyo ndani ya lile duara inaweza kuona mvua ile, hata kama mwali wenyewe ulianguka mbali nayo.

Kwa hiyo jibu ni hili: hakuna mtu aliyeuona mwali. Waliona kilio cha hewa wakati mwali unakufa ndani yake. Tulikosa kuandika vingine.

Kule Namibia waliweka teleskopi nne zenye vioo vya upana wa meta 12, kila moja mu kona ya mraba wenye upande wa meta 120. Zilianza kazi kati ya 2002 na 2004. Mwaka 2012 waliongeza ya tano katikati, kubwa sana, upana wa meta 28. Kila teleskopi ndogo iko na vioo 382 vya mviringo, na mbele yake jicho la umeme lenye vipande 960. Chombo chote kinaitwa H.E.S.S., na jina hilo linamkumbuka Victor Hess, ambaye mwaka 1912 alipanda mu puto mpaka meta 5,300 kutafuta chanzo cha miali fulani iliyosumbua vyombo vya fizike. Alikuta inazidi kadiri anavyopanda. Kwa hiyo haikutoka mu udongo, ilitoka juu.

Juu ya nini teleskopi nyingi? Funga jicho moja ujaribu kutia uzi mu sindano, utaelewa. Zikiangalia mvua moja pamoja zinajua ilitoka upande gani. Tena kuna wadanganyifu: protoni zinazotoka angani zinapiga hewa usiku na mchana, nazo zinafanya mvua kama ile, nyingi sana kupita mvua za gama. Picha ya mwali wa gama ni nyembamba na safi, kama punje ya muchele. Picha ya protoni imechanika-chanika. Kazi kubwa ya wataalamu ni kutupa makapi.

Sasa siku za Agosti. Fermi iliona miali yake ya gama ikifika kilele karibu siku moja baada ya mlipuko. H.E.S.S. ilianza tarehe 9 na kutazama usiku tano mfululizo, mpaka 13, na kila usiku iliiona. Teleskopi za MAGIC kule La Palma, kisiwa cha Hispania, nazo ziliiona. Lakini miali hii yenye nguvu zaidi haikufika kilele pamoja na ile ya Fermi. Ilichelewa. Ilipanda mpaka karibu siku ya tatu, kisha ikaanza kushuka. Kisha mwezi ukakua na kuharibu giza, vyombo vikapumzika, na walipoanza tena tarehe 25 ile nyota ilikuwa imefifia sana. Kama ingelipuka wiki mbili baadaye, wakati wa mwezi mkubwa, zile siku tano zingepotea.

Juu ya nini ilichelewa?

Huku kuchelewa njo utajiri wa habari yote, kwa maoni yetu.

Tulisema kibete kinarusha gazi kwa mwendo mkali. Gazi ile haiingii mu utupu: inagonga upepo mzito wa jitu jekundu, na pale wanapogongana kunasimama wimbi la mshindo. Fikiri mpira kati ya kuta mbili zenye kukaribiana. Kila mara mpira unapogonga ukuta unaokuja mbele yake, unarudi na mbio zaidi kidogo. Protoni nayo inavuka wimbi la mshindo, inarudishwa na nguvu za sumaku, inavuka tena, na kila mara inapata mbio kidogo. Haipati nguvu kwa pigo moja. Inaomba mapigo mengi, na mapigo mengi yanaomba muda. Kwa hiyo miali yenye nguvu kidogo inatangulia, na yenye nguvu nyingi inangoja mpaka protoni zimekwisha kusukumwa vya kutosha. Kisha protoni inagonga gazi, inazaa kipande kinachoitwa pioni, nacho kinavunjika palepale kuwa miali miwili ya gama.

Mtu atauliza: kwa nini protoni, si elektroni? Elektroni nazo zinasukumwa. Lakini zinamwaga nguvu zao upesi mu mwangaza mkali wa nova, kama mtu mwenye kubeba maji mu ndoo iliyotoboka. Vikundi vyote viwili, wa Namibia na wa La Palma, walipima namna miali ilivyopanda na kushuka, wakaona protoni zinaeleza mambo vizuri kupita elektroni. Waliandika hayo mwaka 1922 —tunasahihisha, stensili haifutiki— mwaka 2022.

Tangu puto la Hess watu wanatafuta ni nini inazipa protoni za angani mbio zao. Wataalamu walifikiri ni mawimbi ya mshindo, zaidi sana ya supanova, lakini mu supanova kazi hiyo inachukua mamia ya miaka, na hakuna mtu anayeishi kuiona kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nova ilifanya kazi ile ile mbele ya macho yao kwa siku tatu. Tena wa H.E.S.S. walikuta ya kwamba wimbi lile lilisukuma protoni karibu mpaka mwisho ambao hesabu zinaruhusu. Nova zenyewe zinatoa sehemu ndogo sana ya protoni za angani, tusizidishe sifa. Lakini fundi amekamatwa akiwa kazini, na nyundo mukononi.

Na wale wanaosema mambo haya ni ya mbali, hayatuhusu, watazame ukucha wa kidole chao kwa dakika moja. Mu muda ule kipande kimoja hivi kinachoitwa muoni, mtoto wa protoni ya angani iliyogonga hewa juu yetu, kinapita ndani ya ukucha ule na kuendelea mu udongo.

Kwa anayetaka kutafuta pahali pake: mwezi wa nane, kiisha chakula cha jioni, simama mu uwanja wa mpira mbali na taa. Tafuta kwanza nyota nyekundu ya Nge, Antares. Kutoka pale panda upande wa kaskazini-mashariki, mkono na nusu ukiunyosha na kufungua vidole. RS Ophiuchi iko mu giza lile. Haitaonekana, isipokuwa imelipuka tena, na hapo tunaomba uje upesi kuamsha interna yote, hata kama ni kiisha kengele ya kulala. Ruhusa tutaiomba sisi.

Mwenye swali ao mwenye kuona kosa lingine aandike mu karatasi, aitie mu sanduku la gazeti kabla ya siku ya ine. Yule ndugu wa darasa la nne amekwisha kututilia moja: anauliza kama kibete kinazidi uzito kila mara, siku moja kitafika wapi. Tunalitafuta.